Blogu ya Mabomba

Shemeji yangu, mume wa dada, ana ukoo mzima wa blogu chini ya anwani moja ya mtandao. Anaziita watoto wake, na kama baba mwenye shughuli nyingi, hajui hata moja imekula nini. Kila moja ina rangi zake, nembo yake, na sentensi moja: "Karibu, tunakuja." Huchapa kwa vidole viwili, kisha hujifuta mikono kwenye suruali kama aliyetoka kupasua kuni. Mtoto akikohoa, inazaliwa blogu ya afya. Dada akinuna, ya ndoa. Bomba la jikoni lilipoanza kuvuja aliitwa, akaja, akainama, akalitazama kwa heshima zote, akalipiga picha. "Hapa pana mada," akasema, akarudi sebuleni. Jioni tukawa na blogu ya mabomba, ya bluu ya kupendeza, na jikoni ndoo ya pili.

Jana aliniita kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu. Msomaji wake wa kwanza kabisa alikuwa ameandika: "Naomba fundi. Jikoni kwangu kunavuja, na mume wangu kutwa anakodolea macho kompyuta." Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma. "Unaona watu wanavyoteseka, shem?" Akamjibu kwa vidole vyake viwili: asante, vumilia, mada yako inaandaliwa.

Papo hapo, jikoni, simu ya dada ikalia mlio wa ujumbe.

"Mwambie dada yako apunguze sauti," akasema. "Nina msomaji hapa."