Mbio za Pekupeku

Hadi leo nikikumbuka zile mbio, miguu inaniwasha.

Vita vilikuwa vimeshaingia Kisangani, na shule yetu ya Tshopo ilifunguliwa siku ambazo risasi zimenyamaza. Siku hiyo mwalimu wa michezo alikuwa anatupima mbio, achague timu ya kwenda kushindana na shule ya Lubunga, ng'ambo ya mto. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Saa ya mwalimu ilikuwa imeshapata mwenyewe mpya, askari mmoja wa kizuizi cha barabarani, kwa hiyo tulikimbia wawili wawili, mshindi anabaki. Mwishoni tukabaki mimi na mvulana aliyesifiwa shule nzima. Nilimwacha mbali. Nilipofika mstarini nilipata hata muda wa kugeuka na kumtazama akija.

Darasa zima lilinishangilia. Mwalimu akatazama miguu yangu mitupu.

"Kets yako iko wapi?"

Raba za michezo sikuwa nazo. Papa aliuza chumvi na sabuni kwa jumla, lakini tangu barabara ya Kivu ikatike, duka lake lilikuwa rafu tupu. Nilimweleza hivyo. Weee, mtu yule na sheria zake!

"Bila kets, haihesabike," akasema, na nafasi yangu akampa yule mvulana. Nililia kwa hasira, wala sikujificha.

Timu haikuvuka mto. Kabla ya siku yenyewe, majeshi ya kigeni yalianza kurushiana makombora katikati ya mji wetu. Mama alinifunga mdogo wangu mgongoni, akaniambia nitangulie kwenye njia ya Masako, msituni, yeye na papa wanakuja. Niliogopa sana, lakini sitasema uongo: miguu yangu ilifurahi. Niliwapita majirani, nikawapita vijana, nikampita na mwanamume mmoja aliyekuwa anahema, ameshika viatu vyake mkononi ili visimtelezeshe kwenye matope. Kombora likalia karibu, sote tukajitupa mtaroni. Kugeuka, nikaona mwenye viatu ni mwalimu wa michezo.

Hofu ikanitoka, hasira ikarudi.

"Prof, leo inahesabika?"

Alitazama miguu yangu, akatazama na yake, iliyojaa matope.

"Inahesabika," akasema. "Tena na mutoto ku mugongo."

Mama alipotufikia alinikuta ninacheka mle mtaroni, akadhani vita vimeniharibu akili.