Wateule Kwenye Msiba wa Elia

Juzi, Mtaa wa Kongo, niliwakuta vijana wawili wamefunga tai kwenye jua kali, wakinyang'anyana kipaza sauti. Mmoja alisema Mungu alishawachagua wa mbinguni kabla hajaumba dunia, mwingine akasema mtu hujichagulia mwenyewe. Niliwapita bila kugeuka. Upuuzi huo niliushiba nikiwa mtoto.

Mchana mmoja wa utoto huo tulikuwa tumetoka kumzika mdogo wangu Elia, kichanga, hata hajabatizwa. Chumba chetu cha Kariakoo kilinukia ubani wa jirani na vitunguu vya pilau. Mama alikuwa mkekani, hajagusa chakula. Wazee wawili wa kanisa walikuja kumfariji, wakaletewa sahani, na kabla hata hawajampa pole vizuri wakaanza.

"Kama ni mteule, yuko salama," alisema yule mnene.

"Mteule gani? Hakuwahi kuamini kwa hiari yake," alijibu mwenzake, akichokonoa meno.

Mimi nilidhani wateule ni kama watoto wanaochaguliwa timu kwenye mchezo wa rede, na kwamba wanaochagua ndio hao wawili. Nikamshika mnene mkono.

"Shikamoo babu. Naomba umchague Elia. Hasumbui."

Walicheka wote wawili, nyama ingali mdomoni.

Mama aliinuka, akawapokonya sahani. "Mmeshiba. Tokeni."

Walitoka. Tukawasikia koridoni wakiendelea kubishana: hasira ya mama ilipangwa na Mungu tangu milele, au alijiamulia mwenyewe?