Maji Juu ya Turubai la Baba

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Flemingdon Park, jijini Toronto, miaka ya elfu mbili na kidogo, kabla kila mtoto hajapewa simu yake, tulijua mambo ambayo watoto wa leo hawana habari nayo. Tulicheza rede kwenye korido ya ghorofa ya kumi na nne mpaka majirani wakagonga kuta. Shuleni tulificha chapati chini ya dawati ili tusiulizwe ni kitu gani. Leo wanangu wananunua chapati hizo hizo mgahawani na kuzipiga picha mpaka zinapoa. Mimi na mdogo wangu Baraka tulijua na jambo jingine, nalo ni kupigana na maji yaliyotuama juu ya turubai la trela.

Trela hilo Baba alilinunua kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Tulipaswa kumuuliza kilichomchosha. Lilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, nasi tuliliegesha kiangazi chote kwenye kambi moja kaskazini ya jiji, karibu na ziwa. Ubavuni lilikuwa na chumba kinachosogea: ukibonyeza kitufe, ukuta mzima unatoka nje pamoja na kochi lake, ukibonyeza tena, unarudi ndani. Juu ya chumba hicho palitandazwa turubai jembamba la kukinga majani na mvua. Majani liliyakinga. Mvua liliiweka akiba. Baada ya kila manyunyu turubai lilining'inia katikati kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa, na sisi tukaitwa tuje na mafagio.

Kabla hatujahamia Kanada, Baba alikuwa mhandisi wa maji kule Kondoa, Tanzania. Alizaliwa mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama, na kazi yake ilikuwa kuyatafuta maji na kuyaleta kwa watu. Huku vyeti vyake vilibaki kwenye bahasha, naye kila asubuhi alipanda basi kwenda ofisi moja Markham, kupokea simu za watu ambao printa zao zimekwama. Kwa hiyo maji ya juu ya turubai ndiyo pekee yaliyobaki chini ya mamlaka yake, na hayakumtii hata kidogo.

Jirani yetu wa kambini, mzee wa Kikanada mwenye ndevu, alimshauri ashushe jeki za upande mmoja ili trela liiname kidogo na maji yateremke yenyewe. Baba alimshukuru vizuri sana. Alipoondoka akasema, "Nimejenga mabwawa mimi, leo nifundishwe na mtu wa kaptula?" Akaingiza mpira wetu wa kuogelea chini ya turubai ili linyanyuke katikati. Upepo ukauchukua. Akaingiza mito. Mito ikalowa. Mama, muuguzi ambaye kambini alikuja kulala tu, alisema bila kufumbua macho, "Baba Neema, weka mteremko."

"Mteremko naujua," Baba akajibu.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, Shangazi Yulita alipata viza ya kututembelea. Huyu ni dada mkubwa wa Baba, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ndipo tulipogundua Baba alikuwa akimwambia nini kwenye simu miaka yote ile: kwamba yeye ni mhandisi wa maji Toronto, na kwamba tuna nyumba ya pili ziwani.

"Ya pili ni kweli," alijitetea kwa Mama. "Na ziwa lipo."

Mama alimtazama, kisha akaendelea kukanda unga wa maandazi. Sisi tulielekezwa kwamba Shangazi akiuliza kazi ya Baba, tujibu, "Maji." Baraka, aliyeelewa Kiswahili chote lakini akijibu kila kitu kwa Kiingereza, akauliza kama maana yake ni kuuza maji ya chupa.

Jumamosi tuliyompeleka kambini mvua ilinyesha tangu asubuhi. Shangazi alikaa kwenye kochi la chumba kile akimenya viazi, akiitazama mvua kwa uchungu. "Maji yote haya yanapotea," alisema, "na hamjakinga hata ndoo." Alasiri mvua ikapungua, na Baba akataka kumwonyesha nyumba inavyotembea.

"Juu kuna maji," Mama akasema.

"Nimeyapima."

Akabonyeza kitufe. Chumba kikaanza kurudi ndani taratibu, Shangazi juu ya kochi, sufuria ya viazi mapajani. Turubai likajikunja, maji yakakosa pa kwenda, yakapenya kwenye ukanda wa mpira uliochakaa pale ukuta unapokutana na paa. Kochi likapita chini yake wakati huo huo. Yote yaliishia kwenye kilemba cha Shangazi.

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaipangusa kwa kitenge kilicholowa kuliko miwani yenyewe, akamtazama Baba. "Mhandisi," alisema.

Baba alikaa sakafuni, kwenye maji. "Dada, huku mimi si mhandisi. Napokea simu. Printa za watu zikikwama, wananipigia."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofika. Huu mwaka wa sita."

Shangazi aliishusha sufuria ya viazi sakafuni. Sijawahi kumwona Baba akimwogopa mtu kama alivyomwogopa dada yake wakati ule.

"Na zikikwama, unazikwamua?"

"Nazikwamua."

"Sasa ulinificha nini? Mimi nililea mtoto, sikulea cheo. Haya, toka ukatengeneze hiki kitu, maana leo nalala humu."

Baba akakirudisha chumba nje kwa kitufe, kisha akatoa kwenye sanduku la vifaa pimamaji yake ya Kondoa, ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Akampa Baraka ailaze sakafuni na kuchunga kiputo chake cha hewa. Mimi na Baba tukazungusha jeki kwenye manyunyu. "Bado, Baba," Baraka aliita kutoka ndani, kwa Kiswahili. "Bado kidogo." Trela likainama, maji yakateremka pembeni, moja kwa moja kwenye ndoo aliyoitega Shangazi. Alifulia vitenge kwa maji hayo siku mbili. Aliporudi Kondoa akawasimulia watu kwamba mdogo wake ana nyumba ziwani ambayo kuta zake zinatembea, na hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Trela liliuzwa tulipoingia chuo. Kiangazi kilichopita nilipanga nyumba nzuri kando ya ziwa, yenye mifereji imara na chumba kwa kila mtu. Mvua ilinyesha siku mbili. Wanangu walijua kwa kusoma kwenye simu. Baba, ambaye sasa anaishi kwa Baraka huko Markham, alikaa dirishani akiyatazama maji yakishuka kwenye mifereji bila kumsumbua mtu. Nilimuuliza kama ana haja ya kitu chochote.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hapa hakuna kazi."