Jina Lililokosekana Kwenye Mirathi ya Seremala

Niliposikia kwamba nyumba ya marehemu seremala inauzwa, sikuomba ushauri wa mtu. Nilifunika cherehani, nikajitanda khanga, nikaenda kuiona.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikishona katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Tabora, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Nyumba ya seremala niliijua kwa nje. Iko katika mtaa wa zamani, ule ambao wenyeji husema misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa ikipita mlangoni. Kuta zake ni za udongo, nene, na baraza lake ni pana upande wa barabara. Mimi sikuvutiwa na habari za misafara. Nilitazama lile baraza nikaona cherehani nne zinaenea, na jua la asubuhi linaingia bila kuombwa.

Aliyenipokea alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume wa rika langu anayeuza asali. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Mama yao alishatangulia mbele ya haki. Walibaki yeye, dada yake aliyeolewa mtaa wa pili, na mdogo wao aliyeko Mwanza. Wote walikuwa wamekubaliana nyumba iuzwe, wagawane.

"Dada, karatasi zote ninazo," aliniambia, akanikabidhi bahasha. "Zisome mwenyewe. Kuna bwana mmoja wa Igunga, mfanyabiashara wa mchele, naye anaitaka. Lakini wewe tunakujua."

Nilizisoma palepale, nimekaa juu ya benchi ambalo bila shaka marehemu alilitengeneza mwenyewe. Barua ya usimamizi ilikuwa na mhuri. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulikuwa na saini. Nikafika kwenye orodha ya warithi: majina matatu.

Hapo nikasita. Nilimkumbuka marehemu akiingia kwenye chumba changu cha kushonea, miaka mingi nyuma, na kipande cha kitambaa cha buluu. Alitaka sketi ya shule. Nilipomwomba amlete mtoto nimpime, alisema, "Hayupo hapa. Ni binti yangu wa Bukene, kwa yule mama tuliyeachana. Kata tu kwa kukisia, ukizidisha atakua nayo." Alikuja mara tatu kwa miaka mitatu, na kila mara alionyesha urefu kwa kiganja chake, mkono ukipanda kidogo.

"Kaka," nikamwambia msimamizi, "na yule wa Bukene?"

Alitazama pembeni. "Yule alishaolewa."

"Kuolewa si kufa."

"Hakukulia hapa, dada. Hata ukoo hawamjui vizuri. Mambo yameshapita mahakamani, tangazo lilibandikwa, na hakuna aliyeweka pingamizi."

Nilikunja karatasi nikazirudisha kwenye bahasha. Nilimwambia nyumba naitaka, na bei yake sina tatizo nayo, ila sitaweka saini mpaka binti yule ajue. Sikusema hivyo kwa sababu mimi ni mwema kuliko wengine. Nilikuwa nanunua mahali pa kuzeekea, na sikuwa tayari kila mgeni akibisha hodi nishtuke. Lakini pia nilikuwa nimeishona sketi ile kwa mikono yangu.

"Basi nitamuuzia wa Igunga," alisema.

"Muuzie. Naye akiuliza, utamjibu hivyo hivyo."

Nilitoka nikiwa na uhakika hatauza. Kweli, siku ya nne alikuja dada yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika ncha ya mtandio wake akiikunja na kuikunjua.

"Wifi zangu wanasema nisiingilie," alisema. "Lakini mimi nilimwona msibani. Alikaa nyuma kabisa, na wageni. Sikwenda kumpa mkono. Twende wote Bukene."

Tulipanda basi la asubuhi mpaka Nzega, kisha gari dogo la kuingia Bukene. Hatukupata taabu kumpata. Tuliuliza pale stesheni, tukaonyeshwa. Alikuwa uani anabangua karanga, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mrefu. Nilicheka moyoni, kwa kuwa zile sketi lazima zilimfika juu ya magoti.

"Mwangaluka," tulimsalimu. Aliitikia, kisha akaniamkia, "Shikamoo mama." Alipomgeukia dada yake alimletea kigoda tu.

Dada mtu alieleza, akijikwaa. Nyumba inauzwa. Jina halikuandikwa. Binti alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kubangua.

"Kwa hiyo mmekuja kunipa pole, au mmekuja kunisainisha?"

Dada yake alilia. Karanga ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Nikasema mimi. "Hatuna karatasi ya kusaini. Mimi ndiye mnunuzi. Nimekuja kukuuliza kama unataka nyumba ya baba yako iuzwe."

Aliniangalia sana. "Iuzwe. Mimi maisha yangu yako hapa. Lakini jina langu liandikwe. Nikiulizwa na wanangu babu yao alikuwa nani, nisionekane nimejipachika."

Tuliporudi Tabora dada mtu alipeleka habari mahakamani, na wiki mbili baadaye tukaitwa sote. Msimamizi alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, hakunisalimu. Hakimu alimuuliza kama marehemu alikuwa na mtoto mwingine. Nilidhani atajitetea kwa habari za tangazo na kikao. Alisimama, akamtazama yule binti aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri na kitoto mgongoni, akasema, "Yupo, mheshimiwa. Ni huyu hapa. Nilimwacha kwa makusudi, na nimekosa." Nilimheshimu kwa hilo. Wengi wangesema wamesahau.

Hakimu alimkaripia, na hakumkaripia kidogo. Orodha ikarekebishwa, tangazo likabandikwa upya, tukasubiri siku zilizotakiwa. Mwenye chumba changu aliongeza kodi katikati ya kusubiri huko, nami nikamwambia nahama hivi karibuni. Sikuwa na karatasi mkononi, lakini nilisema kama ninayo. Muda ulipotimia bila pingamizi, tulikutana watu watano: mdogo wao alikuja mwenyewe kutoka Mwanza. Wote wanne walisaini mbele yangu, na binti wa Bukene aliandika jina lake kamili, la baba na la babu, taratibu, kwa herufi kubwa.

Msimamizi alininunia kama miezi sita hivi. Siku moja akaja na kitenge cha mkewe, akasema anataka gauni la harusi ya mpwa wao, na tusizungumze mengine. Hatukuzungumza. Nilimshonea vizuri.

Binti hafikii kwangu anapokuja Tabora. Huwa anafikia kwa dada yake, mtaa wa pili, na mara nyingi nawaona wanapita barabarani pamoja, mmoja amembebea mwenzake mfuko, wanabishana jambo.

Paa lilivuja mvua za kwanza. Nilimwita fundi, akabadilisha mabati matatu upande wa jikoni. Sasa baraza lina cherehani nne, na wasichana wawili wanajifunza kwangu. Asubuhi tunafungua mlango saa moja, tunafagia, tunaanza na kazi za jana.