Mposaji na Meza Yake

Sogea karibu, wewe unayejifunza Kiingereza, nikueleze kwa nini siku hizi simpimi mtu kwa jibu moja.

Nafundisha Kiingereza sebuleni kwangu, hapa Malindi. Wengi wa wanafunzi wangu wanatafuta kazi za hoteli. Mwaka jana mamangu mdogo aliteremka kutoka Ganze, uso ameukunja. Binti yake alikuwa amepata mposaji, kijana aliyejieleza kuwa ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya huku mjini.

"Shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, maneno asali," akasema. "Mtu wa hivyo ama ni mkweli sana, ama mwongo sana. Wewe unakijua Kiingereza cha hoteli, mwanangu. Mpime. Akiwa mwongo, binti yangu simtoi."

Kijana alipokuja kunisalimu, mama mdogo alikuwa mkekani, akijifanya anachambua mchicha. Nikamuuliza kijana kwa Kiingereza: wageni wakikaribia kuja kula, unaanza na nini?

"I put the table," akajibu.

Nikaingiwa na shaka palepale. Nikufafanulie. Neno "table" lina maana zaidi ya moja, na kila maana ina maneno yake ya kuandamana nayo. Likiwa ni meza ya chakula, Mwingereza husema "lay the table", yaani kuandika meza. "Clear the table", kuondoa vyombo. "Book a table", kuweka nafasi mkahawani. Likiwa ni jedwali, maneno hubadilika: "times table" ni jedwali la kuzidisha, na hapo hakuna sahani. Usikate tamaa, hata sisi tunaandika meza, na hakuna anayeshika kalamu.

Lakini "put", yaani kuweka? Kama mtu anayetua mzigo! Nikamuuliza tena, akarudia vilevile, bila wasiwasi. Utulivu ule nao nikautilia shaka.

Alipoondoka, mama mdogo akauweka mchicha chini. "Enhe?"

"Mama, huyu sidhani kama amewahi kumshikia mgeni sahani."

"Nilijua! Hata shikamoo yake ilikuwa ndefu mno."

Hata hivyo, neno langu peke yake halikumtosha. Kwao Ganze mposaji hapimwi kwa ulimi wake. Huulizwa wale anaokula nao. Kesho yake akajitwika mchicha, tukaenda hadi mlango wa nyuma wa hoteli aliyoitaja kijana. Akawauzia madobi waliokuwa wakianika mashuka, na katikati ya kupatana bei akaulizia habari za kijana, posa hakuitaja.

"Nani, Mwitaliano wetu?" dobi mmoja akacheka. "Wageni wake wote ni Waitaliano. Hata Kiingereza chake anakitoa kwenye Kitaliano."

Mlango ulikuwa wazi. Tukamwona ukumbini akitandaza kitambaa, uma kushoto, kisu kulia, huku akitaniana na bibi mmoja wa Kizungu kwa Kitaliano kisichokwama.

"Kumbe, mwalimu," mama mdogo akaninong'oneza, "ulitaka kunikosesha mkwe kwa ajili ya meza?"

"Basi umemkubali, mama?"

"Nimeikubali kazi. Kama ana mke mwingine, hilo bado." Akawarudia madobi, akawaongezea fungu la bure, akaanza upya kuuliza.

Aliuliza hadi kwa walinzi. Mke mwingine hakupatikana, na mama mdogo, kwa shingo upande, akatuma jibu: kijana awalete wazee wake. Posa ikapokelewa.

Sasa mkwe wetu anasoma kwangu, maana hoteli imeanza kupokea wageni wasiojua Kitaliano. Namwambia ninachokwambia wewe: chagua nomino moja leo, iandike pamoja na kitenzi kinachoandamana nayo, kisha yatamke maneno yote mawili kwa sauti huku mikono yako ikiifanya kazi hiyo.