Ukurasa wa Gurudumu

Mashine ya kusaga ilipozimika pale Ipole, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, Damas alipoteza usingizi. Yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha. Na mkewe, Eustadia, alikuwa mgonjwa wa moyo. Mganga wa zahanati alikuwa amemkataza kushika mchi. Mashine ikisaga, hilo lilikuwa neno jepesi.

Fundi Lukumani aliletwa kutoka Cheyo, Tabora mjini. Akaifungua injini, akasafisha, akabadilisha kilichokufa. Wakati wa kufunga akasita.

"Mzee Damas, gurudumu hili kubwa lina alama tatu. Mafuta yanatakiwa yaingie likifika kwenye alama moja tu. Hizo nyingine ni za injini nyingine za aina hii."

"Si ujaribu?"

"Nikikosea, mafuta yanawahi, injini inajipasua. Mtasaga kwa meno. Nipeni kitabu chake."

Kitabu kilikuja pamoja na mashine, kinene, karatasi zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwenyekiti Masolwa alikiweka kwenye ghala la tumbaku. Akaenda kwa mwendo wa kiongozi, akarudi nacho kwapani. Lukumani akakifunua. Yalibaki majalada na nyuzi.

"Kurasa ziko wapi, Mwenyekiti?"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akachekea puani. Tumbaku Ipole ilikuwa tele, lakini karatasi ya kusokotea haikuonekana dukani tangu masika.

"Kilikuwa cha Kizungu," Masolwa alisema. "Nani hapa angekisoma?"

"Mmekisoma chote," Lukumani akajibu. "Kwa mapafu."

Akarudi mjini kutafuta kingine. Aliuliza kwa mafundi wenzake, akauliza mpaka Nzega. Huyu alisema alama ya kwanza, yule akaapa ni ya mwisho. Kitabu hakuna aliyekuwa nacho.

Vinu vikatolewa tena. Alfajiri kijiji kizima kilidunda.

"Lete mchi, mama Raymundi," Damas alisema. "Nitwange mimi."

"Wewe? Wanitungie wimbo kisimani, kwamba Eustadia kamwoa Damas?"

"Nitatwangia ndani."

"Kinu kinanong'ona, baba Raymundi? Hebu kaa."

Akakaa. Kwao mwanamume hashiki mchi, naye akakaa kama wanaume wengine, akisikiliza pumzi ya mkewe kati ya pigo na pigo. Asubuhi moja mapigo yakakoma. Alidhani anapepeta.

Akamkuta amelala juu ya mahindi.

Msibani wanaume walikaa uani. Masolwa akachomoa kikaratasi mfukoni, akamimina tumbaku. Damas hakujua kusoma, lakini gurudumu lile alilijua kama uso wa mtu. Lilikuwa limechorwa pale, na mshale umeelekea alama ya kati.

"Nipe hiyo."

"Pole, mzee wangu. Ngoja nikusokotee."

"Nipe kama ilivyo."

Masolwa akaitazama karatasi. Akaimwaga tumbaku chini, akampa.

Damas aliipeleka mwenyewe Tabora. Lukumani aliisoma amesimama, akavua kofia. Hakufanya mzaha.

Mashine iliguruma mara tu ilipozungushwa. Wanawake wakapiga vigelegele, madebe ya mahindi yakapangwa foleni. Masolwa akapanda juu ya kiti, akahutubia kwamba kijiji kimejitegemea, hakikungoja msaada wa mtu.

"Na sasa Mzee Damas, mwenye mashine yake, atusemee neno."

Wakageuka. Hayupo.

Alikuwa nyumbani. Alikuwa amekitoa kinu cha Eustadia mpaka mbele ya mlango, pale njia inapopita, mchana kweupe, anatwanga. Hakuwa na ustadi. Mahindi yaliruka nje. Wanawake walirudi kutoka mashineni na unga wao kichwani, wakapita wameinamisha macho.

Hakuna aliyetunga wimbo.