Jukwaa la Mbao

Uji wa ulezi ukianza kuungua chini ya sufuria, mimi huuona ukuta wa nyumbani, kijijini kwetu nje ya Sumbawanga. Baba alitumia uji kama huo kubandika picha aliyoikata kwenye kalenda, picha ya uwanja wa timu yake ya Uingereza. Ulikuwa na jukwaa la mbao lenye paa jekundu la bati.

Kila Jumamosi jioni aliwasha redio, nami nikakaa kando yake. Mtangazaji akisema mpira uko kushoto, baba alishika kidole changu akakipeleka kushoto mwa picha.

“Hapo, mwanangu, mbele ya jukwaa la mbao. Watu wanapiga miguu, mbao zinalia.”

Nami nilizisikia zikilia.

Siku moja alinipeleka mjini, kwenye banda la kuonyesha mpira. Televisheni ilipowashwa, nikaona uwanja wa vioo na vyuma. Nikauliza jukwaa letu liko wapi.

Rafiki yake aliyekaa nasi kwenye benchi akacheka. “Lile la mbao? Lilivunjwa hata hujazaliwa. Baba yako ndiye aliyenisimulia.”

Nilimtazama baba. Yeye alitazama televisheni.

“Picha tuliyokuwa nayo ni ile,” alisema.

Jumamosi iliyofuata aliwasha redio, akaniita, akanyoosha mkono ashike kidole changu. Nikamwambia naenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.